Mfangano haipandwi kwa siku moja kutoka Kisumu

Mhariri,

Kila kiangazi kikikaribia, matangazo ya matembezi ya milimani huzagaa katika vikundi vya WhatsApp vya Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret. Lipo moja lisilokosekana: kuondoka Kisumu alfajiri, kuvuka Ziwa Victoria, kupanda Mlima Kwitutu katika kisiwa cha Mfangano, kutazama michoro ya kale mapangoni, kula samaki, na kurejea Kisumu usiku uo huo. Bei yake huvutia kwa sababu hakuna malazi. Sisi tunaoongoza wageni visiwani tunaomba nafasi gazetini mwako tueleze kwa nini safari hiyo haienei katika siku moja, na nini mtu aulize kabla hajatuma pesa.

Tuhesabu saa kwanza. Kutoka Kisumu hadi Mbita kupitia Katito, Kendu Bay na Homa Bay ni mwendo wa saa tatu hivi, gari likiwa zima na abiria wakiwa tayari. Kundi la watu ishirini haliwi tayari kwa wakati mmoja: yupo anayechelewa stendi, yupo anayetaka chai Homa Bay. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri, mtafika Mbita saa mbili na nusu. Ipo njia nyingine ya kupitia Bondo hadi Luanda K'Otieno kisha kuvuka kwa feri. Njia hiyo inapendeza, lakini feri ina ratiba yake na haimngojei mtu, na ikiwapita asubuhi imekula nusu ya siku yenu. Kutoka Mbita, boti ya abiria kwenda Sena, upande wa mashariki wa Mfangano, huchukua saa moja hadi saa moja na nusu kwa kuwa husimama njiani kuteremsha watu na mizigo. Mtakanyaga Sena saa nne na nusu mkiwa na bahati. Hapo bado kuna kujisajili, kumlipa mwongozaji, kwenda msalani na kujaza maji. Kundi huanza kupanda saa tano u nusu au saa sita kamili.

Saa sita mchana karibu kabisa na ikweta, jua liko utosini. Miteremko ya Mfangano ina mashamba, nyasi na mawe, na vivuli ni vichache katika sehemu kubwa ya njia. Kilele kiko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi, kwa hiyo mguu unapanda zaidi ya mita 500 wima. Kwa kundi la watu mchanganyiko hiyo ni saa mbili na nusu hadi tatu za kupanda na mbili za kushuka, bila kuhesabu mapumziko ya juu. Mtarudi Sena saa kumi na moja au baadaye. Boti mtakayopanda itavuka ziwa jua likizama. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi, si kama nchi za kaskazini ambako jioni hudumu. Mkifika Mbita gizani bado mna saa tatu za barabara.

Kwa hiyo ratiba ya siku moja inaleta pamoja mambo mawili ambayo mwongozaji yeyote makini huyatenganisha: mlima katika saa za joto kali, na ziwa katika saa za upepo.

Ziwa lina desturi yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupaa, na upepo kutoka ziwani huingia kujaza nafasi hiyo. Upepo huo huanza polepole kabla ya adhuhuri, hukolea alasiri, na mawimbi hukua nao. Usiku mambo hugeuka, na mawingu ya radi hujikusanya juu ya maji hadi alfajiri. Ndiyo maana wakati mwema wa kuvuka ni asubuhi jua likishatoka, baada ya kutazama mawingu na kuwauliza wavuvi wanaorudi na omena, yaani dagaa wa ziwani. Mvuvi akisema leo tungojeni, mngoje. Nahodha anayeamua kuvuka kwa sababu wageni wana basi la kuwahi Kisumu hatumii tena akili ya ziwa.

Kuhusu boti yenyewe, tazama ubavuni: idadi ya abiria inayoruhusiwa iandikwe, na muihesabu wenyewe. Wazee wa BMU, yaani kamati za usimamizi wa fuo, wanazijua boti na manahodha wao vizuri, kwa hiyo waulizeni. Jaketi okozi iwepo kwa kila mtu, ivaliwe kabla ya kuondoka ufuoni, na vifungo vyote vifungwe. Jaketi iliyowekwa chini ya kiti haimsaidii mtu, maana boti ikipinduka hakuna muda wa kuitafuta. Jaribu hivi: mwenzako aishike mabegani na kuivuta juu. Ikipita kwenye kidevu, ni kubwa mno au haijafungwa. Mtoto asivikwe ya mtu mzima, atachomoka ndani yake akifika majini. Uliza pia kama kuna makasia, ndoo ya kuchotea maji na mafuta ya akiba. Halafu kaeni chini, na mbaki mmekaa. Tatizo tunaloliona mara nyingi na wageni ni hili: furukombe anashuka kunyakua samaki upande mmoja, watu kumi wanasimama kwa pamoja na simu zao kumpiga picha, boti inalala upande huo na maji yanaingia juu ya ukingo. Katika boti ndefu nyembamba ya mbao, hilo latosha.

Sasa joto. Watu wa Nakuru wanapaswa kusikiliza zaidi hapa, maana ndio wanaodanganyika zaidi. Nakuru iko karibu mita 1,850. Mtu amepanda Menengai, amezunguka Longonot ambao kilele chake ni mita 2,776, halafu anaona mlima usiofika hata kimo cha mtaa wake na kudhani ni matembezi ya Jumapili. Lakini katika milima ya Bonde la Ufa jasho hukauka upesi kwa sababu hewa ni baridi na kavu. Kando ya ziwa hewa imebeba unyevu, jasho linabaki mwilini bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwili unaendelea kutoa maji na chumvi, na joto la ndani linapanda. Mtu aliyezoea kubeba lita moja Longonot anaikuta imeisha kabla ya nusu ya njia.

Beba lita tatu kwa kila mtu mzima, na ya nne ikae na kundi. Kunywa kidogo kidogo kila robo saa tangu mwanzo, usingoje kiu. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu chumvi nayo imetoka. Pakiti za ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zinapatikana katika kila duka la dawa, na ukikosa, changanya vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufutwa si vya kujaza kilima, katika lita moja ya maji safi. Chumvi isizidi hapo, hudhuru. Ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha na njugu karanga vinasaidia kuliko biskuti. Pombe ya usiku uliotangulia ni adui: inakausha mwili kabla hujaanza, na makundi mengi ya wikendi huanza safari kwenye baa ya Mbita.

Dalili za kuanza kuzidiwa na joto ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza, na mtu mchangamfu kunyamaza. Mketishe kivulini, mvue kofia na begi, mloweshe shingo, kwapa na mapaja, mpepee, mpe ORS kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au ngozi ikawaka moto, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagilie maji yote mliyo nayo mkiendelea kumpepea, na mtu mmoja ashuke kutafuta msaada. Hata maji ya kunywa ya kundi amwagiwe mwilini.

Tunachopendekeza ni usiku mmoja angalau, na bora usiku mbili. Fikeni Mbita Ijumaa alasiri mlale. Jumamosi asubuhi vukeni. Alasiri tembeeni kwa utulivu kwenye barabara inayozunguka kisiwa, mwone makumbusho ya jamii ya Abasuba pale Ramba, mjue mnapanda mlima wa watu gani. Jambo la pembeni kidogo: Jumamosi ni siku ya ibada kwa Waadventista wengi wa huku, kwa hiyo panga na mwongozaji wako mapema, usidhani utamkuta ufuoni anangoja. Jumapili anzeni kupanda saa kumi na mbili asubuhi, mkiwa mmekwisha kula uji au chai nzito. Saa tatu mko juu, hewa bado laini, na mkitazama mnaona visiwa vya Rusinga na Takawiri na maji hadi macho yachoke. Saa tano na nusu mmeshuka. Boti ya saa sita mchana itawavusha kabla upepo haujakolea. Uliza mapema boti za Jumapili ni ngapi, maana siku hiyo hupungua.

Aliye na siku moja tu tumpendekezee Ndere. Kisiwa hicho kiko upande wa Seme, karibu na Kisumu, ni hifadhi ya taifa tangu 1986, na ukubwa wake ni kilomita mraba 4.2 tu. Kilima chake hakimtoi mtu roho, swala wanatembea mbele yenu, na mkibahatika mtamwona nzohe, swala wa kinamasi, katika mafunjo. Matembezi huongozwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo lipeni mkiwa na intaneti nzuri kabla ya kufika. Chupa za plastiki za kutupwa, sahani na vijiko vya plastiki haviruhusiwi ndani ya hifadhi tangu Juni 5, 2020. Bebeni chupa za kujaza tena. Na kabla ya kuondoka ulizeni hali ya gugumaji katika ghuba siku hiyohiyo, si juzi yake. Upepo ukibadilika, zulia lote la magugu huhama usiku mmoja na kuziba ufuo, na injini ikijaribu kupita katikati yake, majani huizonga rafadha hadi injini inazima.

Turudi Mfangano, kwenye kundi lenyewe. Swali la kwanza kwa mwandalizi liwe: saa ya kugeuka ni ngapi? Namaanisha saa ambayo kundi litageuza, lifike kileleni lisifike. Akikujibu kwamba tutaona tukifika, usiende naye. Swali la pili ni idadi. Mwongozaji mmoja anaweza kuwaangalia watu wanane, tukisukumwa sana kumi. Kundi la watu ishirini liwe na waongozaji wawili wenyeji na mtu wa tatu anayefunga msafara, ambaye hakuna anayeruhusiwa kuwa nyuma yake hata kwa haja ndogo. Mwenye haja amwachie mfunga msafara begi lake njiani. Begi likiwa njiani, mtu hasahauliki. Mhesabiane kwenye kila njia panda, kila mtu akitaja namba yake mwenyewe, maana kiongozi anayehesabu vichwa kwa macho hujihesabu au hujisahau.

Mwendo ni wa aliye mwepesi kuchoka. Hapa kuna dhuluma ndogo ambayo wengi hawaijui. Walio mbele wanafika penye kivuli, wanapumzika dakika kumi wakimngoja wa mwisho, na wa mwisho anapofika wao wanasimama na kuendelea. Wenye nguvu wamepumzika, aliyechoka hajaketi hata mara moja. Baada ya mara tatu za namna hiyo ndipo kifundo cha mguu kinateguka. Mapumziko yaanze kuhesabiwa wa mwisho akishakaa. Njia nzuri zaidi ni kumweka mtu huyo wa pili kutoka mbele, nyuma tu ya mwongozaji.

Mtu akivunjika mguu katika nusu ya juu ya mlima, bodaboda haimfikii. Pikipiki zinafika barabarani tu. Mtu mzima hubebwa na watu sita hadi wanane wakipokezana, kwa machela ya miti miwili mirefu iliyopitishwa mikononi mwa mashati mazito au ndani ya blanketi. Kwa hiyo kundi la watu watano linapaswa kujua litawategemea wenyeji, na wenyeji watasaidia kwa moyo mkunjufu zaidi kama asubuhi mliwapita mkiwasalimu. "Oyawore" asubuhi na "erokamano" kwa shukrani yatosha kufungua mlango. Wengi wa Mfangano leo wanazungumza Dholuo. Olusuba, lugha ya mababu wa Abasuba waliovuka ziwa kutoka upande wa Uganda, imebaki hasa kwa wazee, na mzee akisalimiwa kwayo na mwongozaji hufurahi waziwazi.

Hiyo ni sababu moja ya kusisitiza mwongozaji awe mwenyeji wa kisiwa, si kijana wa mjini aliyepakua ramani. Njia zinapita katika mashamba na maboma ya watu. Mvua ya Machi hadi Mei inakata kijia cha mwaka jana na kuacha korongo. Kuna misitu ya koo ambayo haiingiwi bila ruhusa, na ruhusa hiyo haiombwi kwa simu kutoka Nakuru. Mwandalizi akisema ameweka mwongozaji wake mwenyewe ili kupunguza gharama, ujue kilichopunguzwa ni usalama wako, na pia riziki ya kijiji ambacho kitakubeba ukianguka.

Viatu nisivizungumze sana: viwe vimeshavaliwa wiki mbili, na soli iwe na meno. Kushuka ndiko kunakoangusha watu, kwa sababu changarawe kavu juu ya mwamba hutelezea chini ya kisigino. Piga hatua fupi, goti lililokunjwa kidogo, uzito juu ya mguu wa chini. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unakuwa sabuni na safari iahirishwe hadi kesho yake. Radi ikisikika, shukeni mara moja kutoka kwenye kilele na mjiepushe na mti uliosimama peke yake.

Suruali ndefu nyepesi ni bora kuliko kaptura, kwa ajili ya miiba, upupu na jua. Jihadharini na mnyaa, ule mmea wa ua ambao Waluo huuita ojuok. Ukivunjika hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na mtu akijipangusa jicho kwa mkono ulioushika, jicho linawaka na kuvimba kiasi cha kutoona kwa siku kadhaa. Osha kwa maji mengi safi angalau dakika kumi na tano huku kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali. Fimbo ya kutembelea isikatwe uani mwa mtu. Hiyo ndiyo njia watu wanayoupatia utomvu huo, licha ya kuwa ni kuharibu ua wa wenyewe.

Nyoka wapo. Kifutu ndiye wa kuogopa zaidi kwa kuwa hakimbii. Hulala njiani amejikunja, rangi ya majani makavu, akingoja. Hivyo angalia unapokanyaga, na usitie mkono kwenye pango la jiwe unapojivuta juu. Aliyeumwa alazwe, atulizwe, pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe, mguu ufungwe gango usicheze, na abebwe, asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usipake jiwe jeusi. Kamba ya kukata damu imewapotezea watu miguu ambayo sumu peke yake isingeichukua. Sena kuna kituo cha afya. Mwandalizi apige simu kabla ya safari aulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, na kama haipo, ni wapi ilipo karibu zaidi na boti gani itakwenda huko usiku.

Sasa michoro, ambayo ndiyo inayowavuta wengi. Mapango yenye michoro ya Mawanga na Kwitone ni mahali pawili tofauti, Kwitone ikiwa juu zaidi, na tangazo linaloyapa yote mawili saa moja limeandikwa na mtu asiyefika. Michoro yenyewe ni duara ndani ya duara, mizunguko na miale, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na Batwa, wawindaji na wachumaji walioishi hapa kabla ya mababu wa wenyeji wa leo kufika. Baadaye koo za kisiwani ziliyatunza mapango hayo kama mahali pa kuombea mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyoilinda michoro hadi ikatufikia. Rangi imekaa juu ya ngozi nyembamba ya jiwe. Kidole huacha mafuta na jasho, na vumbi hushika hapo. Kumwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha ni uharibifu mkubwa zaidi, kwa sababu maji huyeyusha chumvi zilizo ndani ya jiwe, yakikauka chumvi hizo hujikusanya usoni na kubambua rangi. Tumeona wageni wenye nia njema kabisa wakifungua chupa zao. Tafadhali msifungue. Waingie watano watano, mabegi yabaki nje, watu wasikokote miguu wakatimua vumbi, moto usiwashwe hata wa chai. Kupiga picha, asubuhi mwanga wa pembeni unatosha bila mwako wa kamera.

Hata mawe msiokote. Rusinga, jirani ya Mfangano, ndiko Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, masalia ya nyani wa kale wa takriban miaka milioni 18 iliyopita, yaliyohifadhiwa katika majivu ya volkano ya Kisingiri. Mfangano nayo ina tabaka za zama hizo. Jiwe lenye umbo la jino linaweza kuwa jino kweli. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inakataza kuliondoa, na likihamishwa kutoka mahali pake limepoteza nusu ya habari zake hata likirudishwa. Liache, piga picha, mwonyeshe mwongozaji.

Ufuoni kuna mambo mawili. Omena hukaushwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na wageni wanaofurahia picha ya machweo huzikanyaga bila kujua wanakanyaga karo ya shule ya mtu. Pili, kichocho. Konokono wanaokisambaza hukaa kwenye majani ya kando ya ziwa, na vijidudu wanavyotoa hupenya ngozi kwa dakika chache, hasa saa za jua kali. Baada ya mlima kila mtu hutamani kujitosa. Ogeni kwa maji yaliyochotwa na kuchemshwa au yaliyokaa kwenye tangi siku mbili bila konokono. Boti ikiwa haifiki gatini na hamna budi kuingia majini, chagueni penye mchanga mtupu pasipo na majani, mpite haraka na kujisugua kwa taulo papo hapo. Hilo hupunguza hatari bila kuiondoa. Dawa ya praziquanteli haifanyi kazi vizuri dhidi ya minyoo michanga, hivyo kuimeza kesho yake ni kujifariji bure. Kapime baada ya wiki sita hadi nane.

Malaria ndiyo ya mwisho, na tena ni ya watu wa nyanda za juu. Mkazi wa Mbita ana kinga kidogo aliyoijenga tangu utotoni. Mtu wa Nakuru hana, na ugonjwa humshika kwa ukali wa mtoto mdogo. Mwone mfamasia wiki moja kabla. Doksisaiklini huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelezwa kila siku hadi wiki nne baada ya kurudi. Haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo, na huifanya ngozi iungue upesi juani, jambo la kukumbuka kabla ya kupanda mlima usio na vivuli. Lala chini ya neti, vaa mikono mirefu tangu saa kumi na mbili jioni. Homa ikikushika siku yoyote kuanzia wiki moja baada ya safari hadi mwezi na zaidi, usiseme ni uchovu wa mlima wala mafua ya baridi ya Nakuru. Nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo, na neno la kwanza umwambie daktari ni kwamba ulilala kando ya Ziwa Victoria.

Waongoza wageni wa visiwani,
Mbita, Kaunti ya Homa Bay